Mkaguzi na Mishono Mikavu

Mkaguzi alikuwa anakuja yadi na shati jeupe lililopigwa pasi. Gerezani, mtaa wetu wa mafundi wa vyuma hapa Dar, hakuna mtu anayevaa shati jeupe kazini. Ukigusa chochote pale, hata kikombe cha chai, mkono unatoka mweusi. Yeye alikuwa anarudi kwao jioni na weupe wake ule ule, kwa sababu hakuwa anagusa. Alikuwa anaelekeza kwa kidole, na kidole kile kilinitia homa miaka yote niliyomjua.

Naandika nikiwa na hasira, ni vizuri niseme mapema. Siku hizi hayupo Dar, na wenzangu pale yadi wanamkumbuka kwa upole kuliko mimi. Wanasema alikuwa mzee mkali lakini mwenye haki. Ukali nakubali. Hiyo haki ndiyo nina maneno nayo.

Hakuwa fundi wetu. Alikuwa amesomea ukaguzi wa vyuma katika nchi ya theluji, akafanya kazi kule kwenye kiwanda cha meli, akarudi, akafundisha chuoni mpaka umri ukamstaafisha. Mwenye yadi alimpa kona ya nyuma, upande wa ukuta wa reli, naye akajenga hapo mashine ambayo mafundi waliiita bembea. Ilikuwa nyundo nzito iliyotengenezwa kwa kipande cha reli, imening'inizwa kwenye mhimili. Unaipandisha upande mmoja mpaka juu, unaiachia. Inaposhuka inakutana na kijipande cha chuma, kidogo kama kidole, kilichochanjwa mfuo katikati, pale pale kwenye mshono wa kuchomelea. Inakivunja na kuendelea kupanda upande wa pili. Chuma kizuri kinainyang'anya nyundo nguvu, kwa hiyo inapanda kidogo tu na kurudi imechoka. Chuma kikavu kinakatika kabla nyundo haijajua imepiga kitu, nayo inapaa juu kwa dharau.

Kabla ya kukilaza pale, alikuwa anakizamisha kijipande kile kwenye ndoo ya barafu iliyopondwa na kuchanganywa na chumvi. Barafu iliagizwa kila asubuhi kutoka soko la samaki. Hebu fikiria: Dar es Salaam, jasho linachuruzika mpaka kwenye viatu, na mzee mmoja wa shati jeupe anasimamia ndoo ya barafu ili chuma kipate baridi. Walimcheka sana. Fundi Masanja, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, hakuchoka kumuuliza, "Mzee, hapa Bongo baridi iko wapi? Au ile ya Julai?" Mkaguzi alimjibu kwamba baridi ipo nyuma ya kila mlango mnene wenye kitasa kirefu, kwenye ghala la samaki, la kuku, la maziwa, na kwamba chuma hakiulizi kiko mkoa gani.

Mimi nilijifunza kuchomelea kwenye simu. Sijasoma chuo. Nilikuwa nasimamisha video, natazama mkono wa mtu, narudisha nyuma, natazama tena, mpaka bando linakwisha. Nina tabia ambayo mama anaiita ugonjwa: siwezi kuacha kitu kikiwa karibu sawa. Nikimaliza mshono nausugua kwa grenda, nauchomelea upya, nausugua tena. Nikifika nyumbani namkumbuka mteja na geti lake, usingizi unaondoka. Kwa hiyo siku Mkaguzi aliponiambia nimletee kipande nilichochomelea, nilimpelekea mshono ambao nilikuwa nauonea fahari kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Ulikuwa umelala kama magamba ya samaki, mmoja juu ya mwingine, hakuna hata tone lililoruka.

Akauchanja mfuo, akautia kwenye ndoo, akangoja, akaachia nyundo. Ukakatika na sauti kama ya kigae. Nyundo ikapaa.

"Mzuri kama bibi harusi," akasema mbele ya yadi nzima, "na mkavu kama bisikuti. Haya, mwanafunzi wa simu, nenda kajipange."

Nilienda nyuma ya makontena nikalia, halafu nikarudi kuokota vile vipande viwili kwa sababu sikutaka mtu mwingine avione. Alikuwa ananisubiri. Akanionyesha sehemu ilipokatika. Inang'aa punje punje kama chumvi ya mawe, unaona? Halafu akanipa kipande kingine, cha kwake, kilichovunjwa vile vile, nacho kilikuwa cha kijivu, kimechanika nyuzi nyuzi kama muwa uliotafunwa. Hiki kilikataa kwanza ndipo kikavunjika, akasema. Chako hakikukataa. Na mshono wake, nikuapie, ulikuwa mbaya kutazama.

Hapo ndipo nilipomwelewa, na ndipo nilipoanza kumchukia vizuri. Kariakoo yote inapenda kinachong'aa. Mteja anapitisha kidole juu ya mshono, akiuona laini anaitikia kwa kichwa, anaondoka. Ukitaka kumhakikishia zaidi, unapanda juu ya kitu chake unaruka ruka. Kimebeba? Kimebeba. Basi. Mkaguzi alikuwa anatukana akisikia hivyo. "Nguvu ni kubeba," alisema. "Ustahimilivu ni kupigwa. Msinichanganyie." Kitu kinaweza kubeba tani kwa upole mwaka mzima, halafu kikapigwa mara moja, ghafla, kwenye baridi, kikaachia kama hakijawahi kubeba chochote. Alisema hivyo kila siku, kwa kila mtu, hadi kwa mtu aliyekuja kuchomelewa mguu wa meza ya chips.

Ndiyo, mguu wa meza ya chips. Hakuwa na kipimo. Aliwahi kumzuia mama mmoja asichukue jiko lake kwa sababu vijiti vya kuchomelea vilivyotumika vilikuwa vimenywa unyevu. Hewa ya Dar ina maji, hilo kila fundi analijua kwa kutu, lakini yeye ndiye aliyetufundisha kwamba maji hayo huingia kwenye vijiti vya kuchomelea, yakaingia kwenye mshono, na mshono ukapata nyufa ndani kwa ndani wakati nje unapendeza. Dawa yake ilikuwa kuvikausha. Na kwa kuwa yadi haikuwa na tanuri, alivipeleka kwa mama muoka boflo wa uchochoro wa pili, akaviweka pembeni ya mikate. Yule mama alimfukuza mara kadhaa. Wateja walikuwa wanamuuliza hizo fimbo za nini humo, na je, mkate umechanganywa na sumaku? Mkaguzi alimjibu yule mama kwamba mikate yake ikikauka vile atamletea cheti. Siku iliyofuata alirudi na vijiti vingine, na yule mama akavipokea huku akisonya.

Mtu huyu aliyefuatilia jiko la mama wa watu alikuwa anaogopa urefu. Alikuwa hawezi kupanda ngazi ya kuegemeza kupita urefu wa mabega yake. Majengo ya Kariakoo yanayoongezewa ghorofa za chuma juu ya ghorofa za zege, aliitwa kuyatazama, na alikuwa anabaki chini na mwavuli huku mimi napanda na simu yangu kupiga picha za maungio. Nilikuwa juu kule, nimekumbatia nguzo, yeye chini anapiga kelele nisogeze kamera karibu, karibu zaidi, usilionee haya, hilo ungio si mchumba wako.

Jioni moja ardhi ilitikisika kidogo. Wengi wa mtaa wangu hawakuhisi kitu, ila walioko ghorofani walishuka mbio, Mtaa wa Sikukuu ukajaa watu wenye taulo na masufuria. Nilimkuta Mkaguzi katikati ya barabara, pikipiki zinampigia honi, yeye anatazama juu. Hakuwa anatazama madirisha kama wengine. Alikuwa anatazama pale boriti inapokutana na nguzo. Aliniambia tetemeko ni kama foklifti, lile gari la kuinulia mizigo, likigonga jengo zima kwa mpigo, na kwamba jengo zuri siku hiyo ni lile linalokubali kupinda bila kukatika maungioni. Kisha akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na hakuuachia mpaka watu walipoanza kurudi ndani. Nilimhurumia. Siku ile nilidhani nimeona kila kilichomo ndani ya mtu huyu.

Alama yake ilikuwa nyota. Kazi ikipita, aligonga kwa tindo maalumu nyota ndogo pembeni ya mshono, na nyota ile ilikuwa haijadiliwi. Nilizipata chache sana. Mafundi wengine hawakuzitaka, lakini wateja wakubwa walianza kuziulizia, na hapo nikaona kitu kingine kwake. Alipenda kuitwa Profesa. Alijifanya hapendi. Mtu akimwita hivyo alikuwa anapunga mkono kukataa, kisha anarekebisha kola.

Sasa nifike kwenye ghala.

Tajiri mmoja alijenga ghala la kuku wa kugandishwa, nyuma ya Mchikichini. Shelfu za chuma kutoka chini mpaka darini, nguzo na mikono, na kila mkono umechomelewa kwenye nguzo. Kazi alipewa Masanja, nasi sote wa yadi tukamsaidia. Nusu ya mishono ile ni yangu. Tulichomelea nje, juani, kwa vijiti alivyonunua Masanja, vya kawaida, vya boksi la bei nafuu, havijaenda kwa mama wa boflo. Niliuliza. Masanja akasema, dada, hizi ni shelfu, si mtihani. Na mle ndani, kila siku, foklifti ingepita katikati ya zile nguzo, na kila foklifti niliyowahi kuiona inagonga nguzo. Chini ya mizigo ile walikuwa wanafanya kazi makuli, na mmoja wa makuli wale ni kaka yangu Shomari.

Siku ya kukabidhi, mashine ya baridi ilikuwa bado haijawashwa. Masanja alipakia shelfu magunia ya mchanga, akapandisha makuli juu yake, wakafungulia singeli kwenye spika na kucheza huko juu. Zikabeba. Watu wakapiga makofi. Ndipo Mkaguzi alipofika, na tajiri akamfutia kiti kwa leso yake mwenyewe, akamkaribisha, Profesa huyu, Profesa yule, simu zikatoka kumpiga picha.

Mkaguzi akauliza, "Kipande cha kuvunja kiko wapi?"

"Mzee wangu," Masanja akasema, "tunaweka kuku humu. Hatujengi meli."

Wakacheka. Mimi nikangoja asimame. Nilishamwona akimfukuza mtu kwa ajili ya mguu wa meza, kwa hiyo nilikuwa nimekwisha kukaza mwili kama mtu anayengoja mlipuko. Badala yake akacheka pamoja nao. Nikasema kwa sauti, maana nilikuwa siwezi kuvumilia, "Mzee, na barafu je?"

Akanitazama kutoka kwenye kile kiti. "Binti," akasema, "leo tumefurahi."

Akatoa tindo, akagonga nyota.

Sijui kama nimeeleza vizuri. Najaribu sentensi hii tangu jana na sijaipata. Alinivunjia kazi yangu mbele za watu kwa ajili ya ukweli, nikaumia, nikaukubali ukweli, nikaanza kuishi kwa ukweli huo, nikakosa usingizi kwa ajili yake. Halafu yeye mwenyewe akauweka chini kama mtu anayevua kofia kwa sababu ya joto.

Vipande vilivyobaki kwenye kazi ile vilikuwa bado yadi. Nikachukua kimoja chenye mshono wa Masanja na kingine chenye mshono wangu, nikavichanja mfuo, nikaagiza barafu, nikavingoja vipoe, nikapandisha bembea. Nyundo ilipaa mara zote mbili mpaka nikarudi nyuma kwa woga. Vikang'aa punje punje.

Nilimwonyesha Masanja. Alivigeuza geuza, na nadhani aliogopa, lakini akaniambia, "Mzee keshagonga nyota. Unataka kumvunjia heshima mtu mzima?" Nikaenda kwa Shomari, akaniambia akiacha kazi ile hana nyingine, na kwamba namtia aibu kazini. Nikaenda kwa tajiri. Huyo hakugusa hata kile chuma. Akasema Profesa amepitisha, wewe ni nani?

Ndivyo nyota ile ilivyotuziba midomo sote. Ghala likawashwa. Maboksi yakapanda mpaka darini.

Mkaguzi alikuwa ameacha kuja yadi tangu siku ile. Alikuwa anakaa Mchafukoge, ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani. Nilipanda ngazi nikiwa na vipande kwenye mfuko wa plastiki, najipanga nitakavyosema, narudia, nasahihisha. Akafungua mlango mwenyewe, amevaa kikoi na singlendi. Nilishtuka. Na nyuma yake, kwenye kibaraza, chuma cha kushikia kilichokatika kilikuwa kimefungwa kwa waya. Mkaguzi wa vyuma vya watu, na kwake hivyo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kunitukana."

Nikamwaga vipande mezani. Hakuvaa miwani. Hakuvishika pia. Akasema alijua tangu alipoona boksi la vijiti pale mlangoni.

"Sasa kwa nini uligonga?"

Nilikuwa tayari kusikia sababu yoyote. Kwamba alitishwa. Kwamba anaumwa. Ningezipokea zote.

"Miaka yote, binti, nikiingia mahali watu wanaacha mazungumzo," akasema. "Wananiona nakuja wanaficha vitu. Siku ile waliniwekea kiti."

Kiti. "Kaka yangu yuko chini ya zile shelfu," nikamwambia. "Sasa hivi ninavyoongea na wewe, yuko chini yake."

"Nenda uwaambie nimekosea."

"Nimeshakwenda. Wananiuliza mimi ni nani."

"Watanicheka."

"Wacheke!"

Hiyo sauti ilikuwa yangu, na majirani waliisikia. Akaingia chumbani akafunga mlango. Nikabaki nimesimama pale sebuleni na mashairi yangu yote ya matusi, nikijua kwamba amejifungia na kwamba sina pengine pa kwenda. Kisha akatoka. Amevaa lile shati jeupe, vifungo vimepishana, kola moja imesimama. Sikumwambia. Tukachukua bajaji mpaka ghalani.

Tajiri alipotuona alifurahi, akaagiza kiti. Mkaguzi hakukaa. Akasema shelfu zitolewe mizigo yote leo, mishono ikatwe, ichomelewe upya kwa vijiti vikavu, na kwamba yeye ndiye aliyekosea kuzipitisha. Alisema kwa sauti ndogo, kwa hiyo tajiri akamtaka arudie, naye akarudia mbele ya makuli wote. Kuna mtu alicheka kweli. Tajiri akaanza kubembeleza: Profesa, kuku hawa nitawapeleka wapi na jua hili, njoo wiki ijayo tuzungumze kiutu uzima. Mkaguzi akamgeuzia mgongo. Akasukuma pazia la plastiki nene la mlango wa ghala, akaingia kwenye baridi na shati lake, akaenda mpaka chini ya safu iliyojaa zaidi, akakaa juu ya boksi la kuku.

Dereva wa foklifti akazima injini. Hakuna aliyemwambia. Mzee amekaa, na hakuna kuli pale angethubutu kupandisha mzigo juu ya kichwa cha mzee aliyekaa. Tajiri akawaambia wamtoe. Wakatazamana.

"Mtoe wewe, bosi," Shomari akasema. "Sisi huyu ni baba yetu."

Tajiri alinitukana mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa rahisi kutukanwa. Alipiga simu. Alitoka akaingia. Mle ndani midomo ya Mkaguzi ilikuwa imebadilika rangi, na mikono ameibana makwapani kama mtoto. Nilimwita atoke. Akatikisa kichwa. Mwishowe tajiri akatupa mkono hewani, akasema, haya, shusheni, shusheni.

Walishusha kwa mikono, kuanzia juu, taratibu, bila foklifti, wanapokezana bila neno. Gari la baridi la jirani likaja kuchukua mizigo. Mkaguzi hakuinuka mpaka mikono ya ile safu ilipobaki mitupu. Ndipo akaomba nyundo. Hakuweza kuiinua, nikaipokea, nikapiga mimi, pigo moja, pale kwenye mshono. Mkono wa shelfu ukakatika kwenye nguzo na kuanguka sakafuni. Ulitoa mlio mwembamba, karibu mzuri. Shomari alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale. Alitazama juu, mahali maboksi yalipokuwa, akatazama chini, kisha akatoka nje na sikumfuata.

Tulimtoa Mkaguzi juani. Makuli wakamfunika kwa magunia na koti la dereva. Mwanamke muuza chai akaleta kikombe, lakini mikono ya Mkaguzi ilikuwa haishiki, kwa hiyo Shomari akapiga magoti akamshikia. Watu wakazidi kukusanyika. Simu zikatoka. Na Mkaguzi, huku anatetemeka, akaanza kuwaeleza. Akawaambia kuhusu unyevu kwenye vijiti. Akawaambia kule alikosomea, kwenye theluji, aliona meli imepasuka ubavu ikiwa imetia nanga, na kwamba tofauti ya nguvu na ustahimilivu watu wengi hawaijui, hata wahandisi hawaijui, ila yeye alikuwa anasema siku zote. Mtu mmoja akasema, sema Profesa, sema. Na nikamwona anainua mkono kurekebisha kola.

"Nyamaza, Mzee," nikasema. "Kunywa chai."

Sijawahi kumwambia mtu wa umri wake anyamaze. Watu wakageuka kunitazama. Yeye naye akanitazama, kisha akainamisha uso kwenye kikombe alichoshikiwa na kaka yangu, akanywa, meno yakigonga ukingo wake.